Zamu ya Kuchekesha

Jumanne, 1 Oktoba

Leo nimechekwa na ukumbi mzima. Nikirudi nyumbani nilishuka Coventry Road nikanunua daftari hili, niwe naandika maneno yao mpaka niyajue.

Mzee Tandy wa chumba cha tisa aliniomba kitu, kwa ile sauti ya Birmingham ya kuvutavuta, nikasikia "kipper tie". Tai, basi. Nikafungua kabati lake, nikamtolea tai tatu, nikazitandaza kitandani achague. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kumbe alitaka kikombe cha chai! "Cup of tea" kwa lafudhi yao husikika hivyo hivyo kama jina la tai fulani pana za zamani, na yeye huwategea wageni wote mtego huo. Wazee wenzake wakaja na vigari vyao vya kutembelea kuziona tai. Hata Mireille, mwenzangu wa kazini kutoka Uvira, Kongo, alijishika mbavu.

Mimi Kiingereza nilifundishwa Garissa, na mwalimu aliyetuchapa kwa kuchanganya "has" na "have". Nilikwenda nacho Uholanzi miaka kumi na miwili, nikaja nacho huku kikiwa hakijavunjika. Sasa nina miezi mitano katika makao haya ya wazee hapa Washwood Heath, na mzee wa miaka themanini na nne ananishinda kwa neno moja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Mzee Tandy alitazama nje akasema, "It's black over Bill's mother's." Nikamuuliza Bill ni nani na mamake anaumwa nini. Hakuna Bill. Ni mawingu meusi tu yamejikusanya upande ule.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tena. Hakuna neno jipya.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekasirika na sitaki kusema naye.

Nilikuwa nimebeba mashuka ya vyumba vinne, jasho linanitoka, naye akaniita mbele ya watu wote: "Here comes Bone Idil!" Wakacheka. Nilimuuliza Mireille, akanivuta kando. Kisha akasema, "Dada, 'idle' ni mvivu. 'Bone idle' ni mvivu mpaka ndani ya mifupa. Ameikamata jina yako. Mais non, haiko vizuri."

Mvivu. Mimi ninayefika kabla ya saa moja asubuhi. Jina hili nilipewa na nyanya yangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku mbili nimemhudumia bila kufungua mdomo. Leo nikimkata kucha akaniuliza, "Nimekukosea nini, bab?" Hilo "bab" ni kama tunavyosema mpenzi au mwanangu, wanaitana hivyo hata dukani. Nikamwambia. Uso ukamwiva.

"Mwanangu wee," akasema, "ningekuita hivyo kama ungekuwa mvivu kweli?"

Akanieleza. Alipaka rangi magari miaka thelathini na moja katika kiwanda kilichokuwa hapa, pale ambapo sasa tunaona kreni za reli mpya. Kiwandani, mwenye kipara aliitwa Nywele. Jitu la futi sita na nusu liliitwa Kadogo. Mtu ambaye hakutaniwa ni yule ambaye hakupendwa. "Ukisikia naongea na mtu kwa adabu," akasema, "ujue simpendi."

Nimeandika kwa herufi kubwa: ASEMACHO SICHO ANACHOMAANISHA.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee Tandy ameniuliza kama nina mume. Nikasema nilikuwa naye, yuko Tilburg. Akasema na mke wake yuko mbali, Witton, makaburini. Sikujua nicheke au nisicheke. Akanitazama mpaka nikacheka, ndipo naye akacheka.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo saa zimerudishwa nyuma, na mimi nimefanya utani wangu wa kwanza kwa Kiingereza. Nauandika wote.

Meneja wetu Kulwinder aliingia ukumbini amejishika kichwa, watu wawili hawakuja kazini. Akasema, "We're short-staffed." Yaani wafanyakazi ni wachache. Lakini "short" ni fupi pia, na mimi urefu wangu unanifikisha kwenye kwapa la Kulwinder. Nikasema, "I know. I'm the short staff."

Mzee Tandy akapiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. "She's got it!" akapiga kelele, yaani nimeupata utani wao. "Kulwinder, umemsikia?" Aliurudia kwa kila aliyeingia, hata kwa mtu aliyeleta maziwa.

Nimekaa nchi hii miaka sita. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona nimeketi ndani, sipo mlangoni.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumeweka mchezo. Kila asubuhi nikimpelekea chai, mmoja anachekesha, kesho yake mwingine. Tunaita zamu. Leo yake, kesho yangu. Nasoma vichekesho kwenye basi kama anayejiandaa kwa mtihani.

Alhamisi, 7 Novemba

Zamu yangu. Kichekesho changu hakikuchekesha. Alisema hata ndege wa nje wamehama.

Jumanne, 12 Novemba

Ukungu asubuhi nzima, kreni hazionekani. Zamu ilikuwa yangu, lakini Mzee aliniwahi. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "I've had a funny turn, bab." Funny ni ya kuchekesha, turn ni zamu. Anajidai amepata zamu ya kuchekesha! Nikacheka, nikamwambia, "Hapana, Mzee, leo zamu ni yangu, usinidhulumu." Akanikodolea kidogo, kisha akatabasamu upande mmoja. "Goo on, then," akasema, yaani haya, endelea.

Nikamwambia kichekesho cha kuku na polisi. Alicheka polepole. Chai ilimdondoka kidogo shatini, nikampangusa. Nimeandika kwenye rekodi ya siku: Mchangamfu, anatania kama kawaida.

Kesho sina kazi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mzee Tandy yuko hospitali. Jana asubuhi Mireille alimkuta sakafuni kando ya kitanda, mkono na mguu wa kulia haviendi, maneno hayatoki. Kiharusi.

Kulwinder aliniita ofisini. "Idil, Jumanne ulikuwa naye asubuhi yote. Uliona chochote? Kulalamika, kizunguzungu, lolote?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa mzima. Tulitaniana."

"Ndivyo ulivyoandika," akasema, akanishika bega.

Nimefua mashuka yake. Nimekunja pajama zake. Ya Allah, mponye.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna habari. Baridi kali.

Jumatatu, 18 Novemba

Nataka kuandika hili taratibu, kama lilivyokuwa.

Saa sita mchana tulikuwa tunagawa chakula. Bibi Beryl wa chumba cha nne aliweka uma chini, akashika paji la uso. Mwanamke aliyekaa naye akaita, si kwa kelele kubwa: "Kulwinder, Beryl's having a funny turn."

Hakuna aliyecheka.

Kulwinder aliacha sahani ikaanguka. Muuguzi alikuja mbio na mashine ya kupimia presha. Wakamlaza Beryl, wakamwinua miguu, wakamwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Mtu alishapiga simu ya ambulansi. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Mimi nilisimama na bakuli la viazi mkononi.

Nilimuuliza muuguzi maana ya neno lile. Akasema bila kuniangalia, "Ni kuzidiwa ghafla. Kuzimia, kizunguzungu, au kiharusi kidogo. Wazee hawasemi naumwa, wanasema hivyo."

Beryl alikuwa hajanywa maji tu. Yuko salama.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Mzee Tandy aliniambia. Aliniambia kwa maneno yake kwamba amezidiwa, aliniambia mimi na si mtu mwingine, na mimi nikamcheka. Nikamwambia zamu si yake. Lile tabasamu la upande mmoja halikuwa tabasamu la utani, uso ulikuwa umelegea upande wa kulia, na ndiyo maana chai ilimdondoka. Nilimpangusa kwa mkono huu. Na yeye, kwa kuwa nilikuwa nacheka, aliona haya kunirudia. Akanisikiliza habari za kuku na polisi.

Jumanne, 19 Novemba

Theluji imeanguka. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 20 Novemba

Sikumwambia mtu. Nimesoma kwenye simu kwamba kiharusi kidogo wakati mwingine hutangulia kile kikubwa kwa siku moja au mbili, na dawa zikiwahi huweza kukizuia. Huweza. Nimelisoma neno hilo mara nyingi mno.

Ijumaa, 22 Novemba

Mireille amesimamishwa kazi.

Ile Jumatano ya tarehe kumi na tatu alitakiwa kumwangalia Mzee saa mbili asubuhi, akafika saa tatu na nusu. Alikuwa peke yake kwenye ujia mzima, mwenzake hakuja, na bibi mmoja alikuwa anatapika. Mkubwa kutoka makao makuu amekuja na faili. Anauliza kwa nini mzee ambaye jana yake alikuwa "mchangamfu, anatania kama kawaida" akutwe sakafuni amepoa. Maneno yangu hayo, yako kwenye faili, na yanamfunga Mireille. Yanasema kila kitu kilikuwa salama mpaka alipochelewa yeye.

Nilimkuta kwenye chumba cha wafanyakazi anavaa koti. Vidole havikukubali kufunga vifungo.

"Dada Idil," akasema, "weye unanijua. Mi siachake mzee. Si unanijua?"

"Nakujua," nikasema.

"Batoto bangu nitabaambia nini?"

Nikamfunga vifungo, kimoja kimoja, na kinywa changu kimefungwa vilevile. Mlangoni aliniambia Mungu anibariki.

Jumamosi, 23 Novemba

Upepo na mvua siku nzima, taka za watu zinaruka barabarani Small Heath. Niliswali adhuhuri nikasahau nimefika rakaa ya ngapi. Nikaanza upya. Nikasahau tena.

Jumatatu, 25 Novemba

Gillian, binti yake Mzee, amekuja kuchukua nguo. Ni mwanamke mrefu mwenye macho ya babake. Alinipa kadi. Ndani ameandika: Baba alisema wewe ndiye mtu pekee hapa anayemuelewa.

Nilisema asante. Nilisema asante!

Jumanne, 26 Novemba

Najitetea mwenyewe. Kwamba sikujua. Kwamba mwalimu wa Garissa hakutufundisha. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza nisiamini maneno yake. Yote ni kweli, na kama ningeyasema ile tarehe kumi na nane, yangebaki kuwa kweli. Lakini kutojua kwangu kuliisha siku hiyo, saa sita mchana, nikiwa na viazi mkononi. Kuanzia hapo si kosa la lugha tena. Tangu hapo ni mimi.

Na kitu kingine, nakiandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sinyamazi kwa hofu ya kufukuzwa peke yake. Nanyamaza kwa sababu wakijua, nitarudi kuwa yule mwanamke wa tai kitandani. Nimemwacha Mireille alie nyumbani kwake ili watu wasinicheke.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimesema.

Niliingia ofisini kabla hata ya kuvua koti. Kulwinder alikuwa anakula tosti. Nikamwambia, "Jumanne ya tarehe kumi na mbili Mzee Tandy aliniambia ana funny turn. Nilidhani ni utani. Nilicheka. Chai ilimdondoka upande wa kulia, nikampangusa, nikaandika ni mchangamfu."

Aliweka tosti chini. "Ulijua lini maana yake?"

Hilo ndilo swali nililoomba asiulize.

"Siku Beryl alipozidiwa."

Alihesabu kwa macho kwenye kalenda ya ukutani. "Siku kumi na moja."

"Ndiyo."

"Na Mireille yuko nyumbani wiki nzima."

"Ndiyo."

Kulwinder ni mtu wa kelele, hugombeza hata mashine ya kukausha. Leo hakugombeza. Aligeukia dirisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alikuja hapa kutoka Jalandhar, India. Miaka arobaini alikuwa akisema ndiyo kwa daktari bila kuelewa. Kosa la kwanza ningelibeba pamoja nawe, Idil. Hata mbele ya mkubwa ningelibeba. La pili siwezi."

Akanipa karatasi niandike yote. Niliandika kurasa tatu. Kiingereza changu humo hakikuwa na kosa hata moja.

Jumapili, 1 Desemba

Nilikwenda kwa Mireille, Winson Green. Nilitaka asikie kutoka kwangu kabla ya barua. Alifungua mlango akiwa amevaa nguo za kanisani, akafurahi kuniona, akaniwekea kiti, akaniletea ndizi za kukaanga. Nikamwambia nitasimama tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ile siku ulinifunga bifungo ya koti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua, na unanifunga koti."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kama ungenitukana, ningesahau," akasema. "Kama ungenipiga, ningesahau. Ile bifungo, dada, ile sitaisahau." Alichukua sahani ya ndizi akairudisha jikoni. Aliporudi alisimama karibu na mlango. "Mi niko mtu wa kanisa, nitakusamehe. Mais pas aujourd'hui. Leo hapana. Enda."

Nilitembea mpaka kituo cha mbali ili nisisubiri basi mbele ya dirisha lake.

Alhamisi, 5 Desemba

Mireille amerudi kazini, faili lake limefungwa. Mimi nimepewa onyo la mwisho la maandishi, nisimamiwe miezi sita, nisipewe wazee peke yangu mpaka nimalize mafunzo. Mkubwa wa makao makuu alitaka nifukuzwe. Nasikia Kulwinder aliuliza ni nani hasa aliyewahi kutufundisha wafanyakazi wageni namna wazee wa hapa wanavyosema wakiumwa, na hakuna aliyemjibu.

Daktari amesema dawa za Jumanne pengine zingesaidia, pengine zisingesaidia. Hawezi kuapa. Nilitaka aape, upande wowote.

Jumamosi, 7 Desemba

Dhoruba. Miti imeanguka. Nimefanya kazi chini ya jicho la msichana wa miaka ishirini na mbili. Anasaini kila ninachofanya.

Jumanne, 10 Desemba

Kulwinder ameniambia niandike orodha ya maneno ya maradhi ambayo mgeni anaweza kuyapotosha, ibandikwe chumba cha wafanyakazi. Nimewauliza wazee mmoja mmoja, kwa adabu, na wamenipa mengi. "Peaky" ni kujisikia vibaya. "Spend a penny" ni haja ndogo. "I've come over all queer" ni kizunguzungu. Juu kabisa nimeweka lile langu. Mireille alisimama nyuma yangu nikibandika. Alisoma yote. Akatoa kalamu mfukoni, akaongeza moja chini ambayo sikuijua, akaondoka bila kunisemesha.

Ijumaa, 13 Desemba

Mzee Tandy amerudishwa leo, chumba kilekile. Gillian alikuwa naye. Nilimwomba tuzungumze nje ya mlango. Tayari alikuwa na barua ya makao, lakini nilitaka ayasikie mdomoni mwangu. Nikamwambia na ile kadi siistahili, nikamrudishia.

Aliipokea. "Nina hasira sana na wewe," akasema. "Na nina hasira naye. Maisha yake yote hakusema jambo lolote moja kwa moja. Mama alikufa akisubiri aseme anampenda. Alimwita Jeshi la Wanamaji, kwa sababu ya alivyopika, kila kitu kikiogelea majini." Alicheka na kulia pamoja. Kadi aliitia mfukoni mwake.

Jumapili, 15 Desemba

Nimemwambia mwenyewe. Nilipiga magoti kando ya kiti chake ili macho yetu yalingane. Msichana wa kunisimamia alikaa mlangoni. Nikasema, polepole, "Mzee, uliniambia unaumwa. Nilicheka. Nisamehe."

Jicho la kushoto lilinitazama wazi kabisa. Midomo ilihangaika. Mwisho likatoka neno moja.

"No."

Nilikaa palepale. No, hukukosa? No, sikusamehe? No, ondoka mbele yangu? Nilimtazama kama nilivyokuwa nikimtazama zamani, nikitafuta maana ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Nikainuka nikamuuliza Gillian kwa simu.

"Ah," akasema. "Hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Analisema kwa kila kitu. Ndiyo ni no. Hapana ni no. Hata jina langu ni no. Huwezi kujua, Idil. Hata mimi sijui."

Niliporudi chumbani, supu yake nzito ilikuwa imeletwa, inapoa. Nikakaa mbele yake na bakuli. Sikutabasamu, sikujifanya nimeelewa. Nikamuuliza, "Unataka niondoke, aje Mireille akulishe?"

"No," akasema.

Nikaweka kijiko chini, mikono nikaiweka magotini, nikasubiri. Nje mvua ilikuwa imeanza. Msichana mlangoni alitazama saa yake mara mbili. Sikumkisia Mzee, sikumharakisha. Ilichukua muda mrefu sana.

Akakitazama kijiko, akafungua mdomo.